Chuo cha ufundi Nairobi: kinachowashinda wengi hakiko darasani

Anayejiunga na chuo cha ufundi jijini Nairobi kwa kawaida huja na hofu mbili: hesabu, na mashine zinazokata vidole. Zote zina dawa. Hesabu hurudiwa hadi ikaeleweka, na mashine ina kinga yake. Wanaopotea njiani hupotea kwingine kabisa: kwenye nauli ya wiki ya saba, kwenye jina lililoandikwa tofauti katika cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, kwenye picha za kazi zilizoenda na simu iliyoibwa, kwenye nafasi ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, iliyoanza kutafutwa wiki moja kabla. Mambo hayo ya pembeni ndiyo yanayoamua nani atashika cheti, na kwenye siku ya kusajiliwa hakuna anayekueleza.

Tuanze na kujua unaingia wapi. Ngazi ya 6 ni diploma, na mlango wake ni C- ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Ngazi ya 5 ni krafti, D. Ngazi ya 4 ni atisani, na hapo hata D- na E wanakaribishwa. Mwenye D asidhani amefungiwa diploma milele. Anapanda ngazi kwa ngazi, na mwisho wa ngazi hiyo kuna shahada, kwa mfano katika Technical University of Kenya pale Haile Selassie, ambayo zamani ilikuwa Kenya Polytechnic. Kupanda hivyo huchukua miaka mingi kuliko njia ya moja kwa moja, lakini anayefika juu amekwisha kushika spana.

Vyuo vya umma vya serikali kuu huombwa kupitia KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, na vingi pia hupokea watu Januari, Mei na Septemba. Kabete National Polytechnic iko Waiyaki Way, unashukia njiani ukipanda 105 ya Kikuyu. Nairobi Technical iko Ngara, karibu na Park Road, na mtu wa miguu hufika kutoka mzunguko wa Globe. PC Kinyanjui iko Riruta. Halafu kuna vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, maana Katiba ya 2010 iliwapa magavana vyuo vya vijiji. Vituo hivi vya kaunti hudharauliwa bila sababu. Kwa anayetaka kushona, kuchomelea au kutengeneza nywele, na anaishi mtaa wa jirani, kituo cha kaunti chaweza kuwa chaguo bora kuliko diploma ya mbali.

Kundi la tatu ni vyuo vya binafsi, na vingi vya mjini viko ghorofani juu ya maduka. Vipo vizuri. Vipo pia vya kukimbia. Maswali ya kuuliza ni matatu. Je, chuo kina leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na je, kozi yenyewe imo katika leseni hiyo? Chuo kinaweza kuwa halali kwa kozi za kompyuta huku kikifundisha umeme bila idhini. Je, nani atakayekutahini: shirika la kitaifa la kutahini (TVET CDACC, KNEC au NITA), au chuo chenyewe? Cheti kinachotolewa na chuo chenyewe peke yake hakitakupandisha ngazi popote. La tatu: karakana iko wapi? Usiridhike na picha ukutani. Omba kupelekwa. Ukiambiwa karakana iko tawi jingine, omba kupelekwa huko. Chuo cha ufundi kisicho na harufu ya mafuta, mbao au chuma ni darasa la nadharia tu.

Sasa karatasi. Sajili ya siku ya kwanza hudai matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho kama unacho, picha za pasipoti na risiti ya karo. Kikwazo kikubwa ni cheti cha KCSE kilichobaki shule ya upili kwa sababu ya deni. Sheria ya KNEC ya 2012 haimruhusu mkuu wa shule kukizuilia cheti chako, lakini kuijua sheria na kukipata cheti mkononi ni mambo mawili. Anza na matokeo ya awali, ambayo vyuo hupokea kwa kusajili, huku ukifuatilia cheti kwa barua yenye nakala kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Usingoje mwaka wa mwisho.

Jina ni tatizo dogo linalokua. Cheti cha kuzaliwa kinasema Wanjiku Njeri, KCSE inasema Njeri Wanjiku Mary, kitambulisho kimeongeza jina la baba. Wakati wa kusajiliwa hakuna anayejali. Wakati wa kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mfumo unakataa, na wakati wa mtihani jina linaenda jinsi lilivyoandikwa kwenye sajili, kisha ndilo litakalochapwa kwenye cheti. Chagua jina moja, lile la KCSE na kitambulisho, na ulitumie katika kila fomu hadi mwisho. Ukihitaji hati ya kisheria ya kubadilisha jina, ishughulikie muhula wa kwanza.

Kuhusu pesa, hesabu ifanywe kabla ya kuhama nyumbani. Mwaka 2018 karo ya vyuo vya ufundi vya umma iliwekwa shilingi 56,420 kwa mwaka: serikali ikalipa 30,000 na mwanagenzi akabaki na 26,420, na HELB ikawa na mkopo wa hadi 40,000 kwa mwaka. Mtindo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ulipandisha karo ya mwaka hadi 67,189 na kuigawa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa nyumba. Kwa hiyo usipange kwa kusikia jirani alilipa ngapi. Angalia barua yako mwenyewe ya kujiunga, na uangalie umewekwa kundi gani. Ukiona umewekwa kundi lisilolingana na hali ya kwenu, kata rufaa mapema, na stakabadhi za kuthibitisha ziwe tayari.

Ila karo si gharama kubwa zaidi. Chukua 26,420 ya ule mpango wa 2018 na uigawe kwa mihula mitatu: takriban 8,800 kwa muhula. Halafu chukua nauli ya shilingi 70 asubuhi na 70 jioni, siku tano, wiki 13. Inakuwa 9,100, na hiyo ni kwa gari moja tu. Anayetoka Eastlands kwenda upande wa Waiyaki Way hupanda mawili, na siku ya mvua makanga hupandisha bei bila kuomba radhi. Hapo ndipo muhula unapovunjikia: wiki ya kwanza mtu anafika kila siku, wiki ya nne anaruka Ijumaa, wiki ya saba anakuja siku za mazoezi tu, na mwishowe mahudhurio yake hayamruhusu kufanya mtihani. Hajachoka na masomo, ameishiwa tu.

Ndiyo maana wanaomaliza huwa wamepanga makazi kabla ya kupanga kitu kingine chochote. Chumba cha kushirikiana watu wawili au watatu karibu na chuo, Kangemi au Uthiru kwa walio Kabete, Kawangware kwa walio Riruta, mara nyingi huwa nafuu ukilinganisha na nauli ya kila siku, na pia hukupa saa mbili zaidi za kulala. Asiyeweza kuhama aulize kama idara yake inaweza kukusanya masomo yake katika siku tatu au nne. Vyuo vingi vina nafasi ya kufanya hivyo kwa mwenye sababu, lakini hakuna anayekupa usichoomba. Chakula cha mchana nacho ni nauli nyingine. Chapati mbili na madondo kibandani hushinda chipsi, na mkebe wa githeri kutoka nyumbani hushinda vyote.

HELB yenyewe huja kwa wakati wake, na wakati huo si mwanzo wa muhula. Sehemu ya mkopo huingia chuoni moja kwa moja na sehemu humfikia mwanagenzi. Mwenye kutegemea mkopo pekee atadaiwa wiki ya tatu huku pesa ikiwa bado safarini. Mambo mawili husaidia: kuomba siku za mwanzo dirisha linapofunguliwa, na kwenda ofisi ya fedha wewe mwenyewe, na nakala ya ombi la mkopo mkononi, kabla hawajakuita. Mhasibu aliyekwisha kukuona huandika mpango wa kulipa polepole. Jina lisilo na uso huondolewa kwenye orodha ya mtihani. Wadhamini wako watahitajika pamoja na vitambulisho vyao, kwa hiyo zungumza nao nyumbani, usiwapigie simu ukiwa saiba na foleni nyuma yako. Na mkopo ni mkopo: riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na HELB ina subira ndefu kukushinda.

Karo hulipwa kwenye akaunti ya chuo au kwa njia rasmi iliyoandikwa kwenye barua. Mtu akikuambia umtumie kwa simu yake atakusaidia kusajili haraka, umeibiwa.

Tuingie karakanani, maana huko ndiko kuna raha. Wingi wa watu kwa mashine chache ndilo lalamiko la kila chuo, na ni kweli. Watu 30 kwa mashine nne za kuchomelea maana yake, kwa saa mbili, kila mmoja anapata dakika 16. Ambaye anasubiri zamu yake ukutani anapata hizo 16 na hakuna zaidi. Ambaye anafika mapema, anamsaidia fundi wa karakana kutoa vifaa, na anabaki kufagia, hupata mashine inapokuwa haina mtu. Sema wazi: Mwalimu, naomba nichomelee kipande kimoja zaidi. Huombewi na mtu.

Kwa kuchomelea, makosa ya wanaoanza ni yale yale kila mwaka. Elektrodi ya kawaida ya mazoezi, E6013 ya milimita 2.5, hutaka takriban ampea 60 hadi 90, na ya milimita 3.2 hutaka 90 hadi 130. Ukiweka chini mno inanata kwenye chuma na unaanza kuivuta kama jino. Ukiweka juu mno inakula pembeni mwa chuma na kuacha mfereji. Elektrodi zilizokaa stoo yenye unyevunyevu hutoa moshi mwingi na vishimo vidogo kwenye mshono, na mwanagenzi hujilaumu mkono wake bure. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: nguo ya nailoni. Cheche moja na shati imeshikana na ngozi. Vaa pamba chini ya ovaroli, na kamba za viatu zifunikwe.

Kwa umeme, zoezi mojawapo la mwanzo la kutahiniwa ni taa moja inayowashwa kutoka sehemu mbili. Inaonekana rahisi. Makosa matatu hurudi: swichi kukata nyutro badala ya waya wa moto, hivyo taa huzimika huku sehemu yake ya kushikilia balbu bado ina volti 240; athi, waya wa ardhi, kusahauliwa kwenye kisanduku cha chuma; na waya kumenywa kupita kiasi hadi shaba inaonekana nje ya kiunganishi. La nne ni la rangi, na ni hatari zaidi kwa sababu lina mantiki. Ubao wa zamani wa mazoezi hutumia nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Nyaya mpya madukani hutumia kahawia na bluu, na katika mfumo mpya wa awamu tatu nyeusi ni moto. Aliyefundishwa kwa mazoea kwamba nyeusi ni salama ataishika siku moja kazini. Mazoea yasikutawale, tesa, kile kipima stima, iamue, na hata tesa uijaribu kwanza mahali unapojua kuna stima.

Kabla ya kuwasha, mfuatano haubadiliki. Unajaribu mwendelezo wa waya. Unapima ukinzani wa insulesheni kwa volti 500, na usiridhike chini ya megaohmu 1. Unapima ukinzani wa insulesheni kwa volti 500, na usiridhike chini ya megaohmu 1. Ndipo unawasha. Mtahini hatazami taa inayowaka, anatazama mfuatano. Mtu amewahi kufanya ubao mzuri na kukosa alama kwa sababu alianza kazi bila kuzima swichi kuu, au alivua buti kwa sababu ya joto. Hesabu nazo ni za maisha ya mtaani: shawa ya kilowati 5.5 kwa volti 240 huvuta karibu ampea 23, ndiyo maana fundi wa kweli hatumii waya wa milimita mraba 2.5 wa soketi kwa shawa, anatumia 4 au 6. Ukielewa sababu hiyo, umeelewa nusu ya muhula.

Vifaa vya kwako mwenyewe usinunue vyote siku ya kwanza. Tesa, bisibisi mbili za insulesheni, plaizi, koleo ya kukatia na tepu ya kupimia hutosha kwa umeme. Kirinyaga Road ina maduka ya vifaa kila hatua chache, na bei hutofautiana sana kati ya duka na duka, kwa hiyo zunguka kabla ya kutoa pesa. Bisibisi ya bei ya kutupa ina plastiki ya rangi tu, haina insulesheni. Andika jina lako kwa rangi ya kucha kwenye kila kifaa. Karakana ina watu waaminifu wengi, na wachache wenye mikono mirefu.

Mfumo wa umahiri, ule wa CDACC, umeleta kitu kinachoitwa potfolio ya ushahidi, na hapa ndipo wengi huteleza bila kusikia. Hutahiniwi siku moja tu. Kila kitengo kinahitaji ushahidi: kazi ulizoandika, orodha ya uchunguzi iliyosainiwa na mkufunzi, picha za kazi yako. Alama 50 kwenda juu inahesabiwa umefikia umahiri, na chini ya hapo bado. Sio fedheha kuambiwa bado, utatahiniwa tena. Fedheha ni kuambiwa bado kwa sababu karatasi imepotea na kazi uliifanya.

Nunua faili ya A4 yenye vigawanyo, kimoja kwa kila kitengo, na uiache nyumbani. Kwa kila kazi piga picha tatu, kabla, wakati na baada, na katika moja uonekane uso na mikono pamoja, maana picha ya ubao usio na mtu ni ya yeyote. Zitume kwa baruapepe yako siku hiyo hiyo. Simu ya Nairobi ni ya kuazimwa, hujui itaondoka lini kwenye dirisha la matatu. Saini ya mkufunzi ipatikane wiki ile ile. Wakufunzi huhamishwa, na aliyekuona ukifanya kazi akiwa sasa Kitale au Mombasa hawezi kusaini kilichobaki mezani kwako.

Walio bado chini ya KNEC wanajua herufi nne zenye uchungu wake: CRNM. Maana yake mahitaji ya kozi hayakutimizwa. Mara nyingi hakuna aliyeshindwa mtihani, ila alama za kazi ya muhula, mradi wa fani au mpango wa biashara havikufika. Mpango wa biashara hudharauliwa na mafundi, kwa nini fundi umeme aandike makadirio ya mauzo? Lakini hauna njia ya mkato, na uliochapwa upya kutoka kwa mwenzako wa mwaka jana hutambuliwa kwa sababu bei za mwaka jana haziendani na za leo. Ukipeleka kitu, pokea saini ya aliyekipokea, au angalau piga picha ukikiweka mezani.

Atachimenti huchukua takriban miezi mitatu. Anza kutafuta miezi miwili kabla, si wiki mbili. Beba barua ya chuo, nakala ya bima ya ajali ambayo kampuni nyingi hudai langoni, wasifu wa ukurasa mmoja na nakala ya kitambulisho. Enterprise Road na Lunga Lunga Road, kule Industrial Area, ndizo za kuanzia, kwa miguu, kuanzia saa tatu asubuhi ambapo zamu imekwisha kutulia. Mlinzi wa lango ni mtu wa maana kuliko unavyodhani. Msalimie, muulize jina la mkuu wa matengenezo, maana barua yenye jina hupita na barua ya kwa anayehusika hubaki kwenye kibanda. Karakana ndogo za Kariobangi na Kamukunji nazo zinafaa, alimradi mwenye karakana atakubali kusaini, ana muhuri, na mtahini anaweza kufika. Uliza hilo kwanza. Fundi hodari asiye na muhuri atakufundisha vizuri na kukuacha bila alama.

Kazini, wiki ya kwanza ni ufagio na chai, na hiyo ni sawa. Wiki ya tatu ikiwa bado ni ufagio na chai, mwambie msimamizi kwa adabu kwamba daftari lako linahitaji kazi za fani. Jaza daftari kila jioni: kazi gani, kifaa gani, tatizo gani, umelitatua vipi. Daftari la wiki 12 lililojazwa Ijumaa moja kwa kalamu moja hujitangaza lenyewe. Ni mkufunzi gani asiyelijua? Mtahini akija mara moja na asikukute, kumrudisha ni kazi ya wiki kadhaa, kwa hiyo mtumie ramani ya mahali pa kazi na namba yako, na umjulishe zamu zako zikibadilika.

Kabla hujamaliza, fahamu kwamba cheti cha umeme hakikupi haki ya kusaini kazi. Kuwekea nyumba nyaya hadi Kenya Power ikaunganisha stima kunahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ambayo huombwa kwa vyeti na uzoefu wa kazi. Ushahidi wa uzoefu ni barua na daftari la atachimenti, yale yale ambayo wengi huyatupa. Majaribio ya NITA ya daraja la tatu, la pili na la kwanza nayo yana thamani kwa waajiri wengi wa Industrial Area, na fundi aliyejifunzia jua kali bila chuo anaweza kuyafanya pia.

Mwisho ni fomu ya kuondoka chuoni. Maktaba, stoo, karakana, hosteli kama ulikaa, ofisi ya fedha: kila mmoja anasaini. Spana ya namba 13 iliyoandikwa jina lako muhula wa pili itasimamisha cheti chako muhula wa mwisho, na stoo hawana haraka. Kwa hiyo kila unaporudisha kifaa, subiri jina lako likatwe kwenye daftari, hata kama gari lako linaondoka.